Mita Nne za Maji

Mkunga alijikunjua kutoka kwenye shimo lake chini ya bwawa, mrefu kuliko mtu mzima aliyelala, vitaa vya buluu vikiwaka ubavuni, akaanza kuonja maji. Kuonja hasa, maana ngozi yake yote ya mpira mweusi ilikuwa ulimi. Alipita pembe hadi pembe, juu na chini, na kila alipohisi kijidudu alitema tone la klorini na kukimulika kwa mwanga wa zambarau, kikafa palepale. Alipomaliza, hata daktari wa upasuaji angenawa mikono humo bila kuuliza swali.

Huyu hakuwa yule samaki mrefu kama nyoka anayejificha miambani. Alikuwa mashine, ila alipewa jina la samaki kwa sababu aliogelea kama yeye. Aliyembuni ni Mhandisi Nkwimba wa jiji la Shinyanga, mama mfupi, mkali wa maneno, ambaye hata akikusalimia unajiuliza umekosea nini. Na Shinyanga yenyewe haikuwa ile ya vumbi wanayoisimulia mababu. Mapaa yote yalikuwa ya vioo vya kuvuna jua, matrekta yalilima pamba bila dereva, na mvua ikileta kiburi, vyombo vya angani viliikamua mawinguni. Lakini katika fahari yote hiyo kulikuwa na ugonjwa mmoja uliowacheka wanasayansi usoni.

Wenyewe waliuita ugonjwa wa chumvi. Mtoto huzaliwa nao, nusu karithi kwa baba na nusu kwa mama, na mama huugundua siku anapombusu mwanawe kwenye paji la uso akaonja chumvi mdomoni. Jasho la mtoto huyo hutoka na chumvi ya mwili wake. Makohozi yake huwa mazito kama uji uliolala, yanaganda kifuani, vijidudu vinapata makao, na mapafu yanaliwa taratibu. Dawa za kurekebisha jeni zilikwisha kuwasaidia wengi duniani. Watoto hawa jeni zao zilikuwa na kasoro ya aina nyingine, dawa hazikuwashika.

Kilichobaki kwao ni kuogelea. Mtoto anapopiga mikono na kuvuta pumzi kwa nguvu, makohozi yanalegea, anakohoa, anatema, na usiku analala kama binadamu. Ila maji hayohayo ndiyo nyumba ya kijidudu cha kijani, kile kinachokula mapafu. Dimbwi lililotuama, beseni la maji ya moto, bwawa lisilotiwa dawa sawasawa: mtoto mzima hutoka humo akicheka, mtoto wa chumvi hutoka na kifo chake kifuani. Na kuna jambo baya zaidi ya hilo. Watoto hawa ni hatari wao kwa wao. Mmoja akimkoholea mwenzake, humpa kijidudu kilichokwisha kujifunza kula mapafu ya namna yao. Yaani wale wanaoweza kuelewana kuliko watu wote ndio hao hao wasioruhusiwa kugusana. Maisha haya, bwana!

Nkwimba hakuyasoma hayo kitabuni. Kifungua mimba wake, Kabula, alikipata kijidudu cha kijani kwenye sherehe ya watoto wa kliniki, walipotiwa wote katika beseni moja la maji ya moto ili wafurahi. Walifurahi kweli. Mwaka uliofuata Kabula akazikwa. Wa pili, Limi, alizaliwa na ugonjwa uleule, na Nkwimba akaapa kwamba huyu hamchukui mtu.

Ndiyo maana mkunga alipewa kazi tatu. Ya kwanza, kusafisha maji. Ya pili, kumwinua mtoto anayezama na kumlaza ukingoni. Ya tatu, na hiyo ndiyo iliyomtoa mama yule magazetini, ilikuwa uzio. Watoto wawili wa chumvi waliweza kuogelea bwawa moja kwa wakati mmoja, na mkunga akaogelea katikati yao, akihakikisha mita nne hazipungui. Mtoto akisogea, mkunga alisema, “Rudi nyuma, mwanangu.” Sauti ilikuwa ya Nkwimba mwenyewe, kwa kuwa katika majaribio watoto waliitii kuliko nyingine zote. Asiposikia, alimulikwa machoni. Akiendelea kujitia kiziwi, alichapwa kofi la umeme, dogo, la kumfanya mtoto apige yowe na kurudi alikotoka. Mikunga wawili wasingeweza kukaa bwawa moja, walikuwa wakichanganyana fahamu. Alikuwa mmoja tu.

Hapo ndipo lilipozuka swali, kwenye mkutano wa wazazi kabla bwawa halijafunguliwa. Aliyeliuliza ni Mzee Ngollo, mwenyekiti wao, mtu mpole mwenye sauti ya chini, aliyekwisha kuzika wawili.

“Mhandisi, mkunga ni mmoja,” alisema. “Siku mtoto mmoja akizama na mwenzake akawa anamsogelea, huyu mkunga aanze na lipi?”

“Ninyi mnataka aanze na lipi, mzee wangu?”

Mzee Ngollo alisimama. Aligeukia ukumbi. “Nani hapa amefiwa na mtoto kwa kuzama?”

Hakuna mkono ulioinuka.

“Nani amefiwa kwa kijidudu cha kijani?”

Mikono ikainuka ukumbi mzima. Nkwimba naye akainua wake, hakuwa na budi. Kando yake, Mama Masele, jirani yake wa nyumba ya tatu, aliinua mkono wa kulia kwa ajili ya mdogo wake, maana mwanawe mwenyewe, Masele, alikuwa bado mzima, akiruka huko nje.

“Basi,” akasema Mzee Ngollo, “tumeshajibiwa.”

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Watu wale waliumwa na nyoka mmoja tu, na wakajenga dunia nzima ya kumkwepa yeye. Maji yenyewe, yale ambayo yamemeza watoto tangu Mungu ayaumbe, hawakuyaogopa. Nkwimba akaenda akaandika ndani ya kichwa cha mkunga: uzio kwanza, kuokoa baadaye. Alilala vizuri siku hiyo.

Limi alikuwa na miaka kumi, mwembamba, mwenye kifua kilichofura kama cha njiwa kwa ajili ya kukohoa. Masele alimzidi mwaka mmoja na maneno mia. Walikuwa wakiogelea zamu moja tangu bwawa lifunguliwe, na hawakuwahi kugusana hata kidole. Waliitana jirani.

“Jirani!” Masele alipiga kelele asubuhi moja toka upande wake wa bwawa. “Leo nakuacha mpaka uniombe nikubebe.”

“Wewe? Juzi si ulikwama katikati ukaparamia ukuta kama bibi kizee?”

“Nilikuwa nakuonea huruma.”

“Nionee tena leo, ubarikiwe!”

Kabla ya kuingia, kila mtoto alitakiwa kunywa kikombe cha maji ya chumvi na sukari. Ndani ya maji jasho halionekani, lakini linatoka, na mtoto wa chumvi akitoka jasho sana misuli humgeuka na kukaza. Masele aliyachukia maji yale. Aliyaweka mashavuni mbele ya mama yake, akatikisa kichwa kama aliyemeza, na mlango ulipofungwa akayatema kwenye mfereji wa ukingoni. Limi alimwona, akaangua kicheko. Watoto ndivyo walivyo, hata wenye ugonjwa.

Wazazi walikaa nyuma ya kioo kinene, kwa sababu mtu mzima naye ana vijidudu vyake. Ndani waliingia watoto na mkunga, basi. Mtu mzima akitaka kuingia alipita mlango wa dawa: unasimama kati ya milango miwili, unapuliziwa ukungu toka utosini hadi nyayoni, na mlango wa mbele haufunguki mpaka ukungu utulie. Hilo nalo walilidai wazazi wenyewe, na Nkwimba aliliona la maana.

Siku ile nyuma ya kioo walikuwa wawili tu, Nkwimba na Mama Masele, wakibishana kuhusu bei ya dagaa.

Masele alikuwa ametangulia kweli. Alifika katikati ya bwawa, kwenye kina, mguu wake wa kulia ukakaza. Akaupiga teke, ukakaza zaidi. Akautumia wa kushoto, nao ukajikunja. Hakupiga yowe. Anayezama hapigi yowe, pumzi ya yowe anaitoa wapi? Alitazama juu tu, mdomo wazi, akaanza kushuka.

Mkunga alijua. Alijua kabla ya mtu yeyote, kwa ngozi yake, kama mama anavyojua mtoto mgongoni amelala. Vitaa vyake viligeuka vyekundu, kichwa kikamwelekea Masele. Alikuwa karibu naye kabisa.

Lakini Limi naye alikuwa ameona.

“Jirani?” aliita. “Jirani, acha mchezo!”

Akaanza kuogelea kumfuata. Mkunga akarudisha kichwa, akajitandaza mbele yake.

“Rudi nyuma, mwanangu.”

“Anazama!” Limi akapiga kelele. “Mchukue, anazama!”

“Rudi nyuma, mwanangu.”

Akajaribu kumzunguka kwa kushoto, mkunga akawa kushoto. Akazunguka kulia, mkunga huyo. Mwanga ukampiga machoni, akafumba macho na kuendelea kupiga mikono. Kofi la kwanza lilimpata begani, akalia, akaja tena.

“Mbona taa nyekundu?” Mama Masele aliuliza, akisimama. “Mwanangu yuko wapi?”

Nkwimba hakuhitaji kuambiwa. Yeye ndiye aliyeliandika jambo lile, aliliona likitekelezwa neno kwa neno, na nje ya kioo hapakuwa na kitufe cha kulifuta. Mashine haikuharibika hata kidogo. Ilikuwa inangoja Limi arudi nyuma. Mita mbili tu, hata moja na nusu, na ingemwachia, ingegeuka, ingemtoa Masele majini kabla hujamaliza kupiga chafya. Kadiri Limi alivyomkimbilia mwenzake, ndivyo alivyozidi kumuua.

Nkwimba alikirukia kioo, akakipiga kwa viganja. “Limi, rudi! Rudi! Toka hapo!” Kioo hakikupitisha sauti. Akapunga mikono yote miwili: nyuma, nyuma, nyuma.

Limi alimwona. Kwa kitambo kidogo waliangaliana, mama na mwana, maji yakimtiririka mtoto usoni. Aliona mama yake akimwambia arudi, kama alivyomwambia tangu anatambaa: usimsogelee huyo, usimshike yule, kaa mbali, kaa mbali. Akatikisa kichwa. Akamkatalia mama yake kwa mara ya kwanza maishani, akavuta pumzi, akapiga mbizi kupita chini ya mkunga. Mkunga akamzingira.

Mama Masele alikuwa ameshafika kwenye mlango wa dawa. Ulimfungia ndani, ukungu ukamwagika. Aliupiga mateke mlango wa mbele, akaugonga kwa mabega, akamwita Mungu na kumwita mwanawe. “Tafadhali tulia,” mlango ulimwambia kwa adabu zote. “Ukungu haujatulia.” Alivyozidi kupigana ndivyo ukungu ulivyozidi kupanda, na kila ulipopanda mlango ulianza kupuliza upya. “Tafadhali tulia.” Nani angetulia? Wewe ungetulia?

Mwishoni mikono ya Limi ikafa ganzi. Alielea chali, macho kodo, na mawimbi yake mwenyewe yakamrudisha nyuma kidogo kidogo hadi mita nne zikatimia. Papo hapo mkunga akamwacha. Akapiga mbizi kama mshale, akamzoa Masele, akamlaza ukingoni kwa upole ungesema anamlaza kitandani, akaanza kumbonyeza kifua. Alikibonyeza vizuri sana. Hakukosea hata mara moja. Aliendelea kukibonyeza mpaka mama mtu alipoingia na kumsukuma kando, na hata hapo Masele alikuwa amekwisha kuondoka.

Msibani, Mama Masele alimvuta Limi kifuani mbele ya wanawake wote.

“Huyu ndiye aliyemfuata mwanangu,” alisema, sauti imemkauka. “Alipigwa umeme, hakumwacha. Mungu akulipe, mwanangu. Masele hakufa peke yake.”

Limi alilia kwa kwikwi mpaka kikohozi kikamshika. Njiani kurudi nyumbani akauliza, “Mama, kwa nini mkunga hakumchukua Jirani?”

“Aliharibika, mama,” Nkwimba akamjibu.

“Lakini mimi alinipiga. Hakuwa ameharibika.”

“Aliharibika, nimesema.”

Madaktari walimpima Limi kifua, damu na makohozi. Alikuwa safi. Kwenye mwili wa marehemu walikikuta kijidudu cha kijani, kimejificha ndani kabisa ya pafu, bado kichanga, hata mama yake hakuwa na habari. Mkutano wa wazazi ulipoitwa tena, Mama Masele hakuwepo, alikuwa bado amekalia mkeka wa msiba. Nkwimba alisimama kabla hata ya sala.

“Nataka kubadilisha,” alisema. “Kuokoa kuwe kwanza, uzio baadaye. Ni kazi ya nusu siku. Nipeni ruhusa.”

Mzee Ngollo akasafisha koo.

“Mama Limi, pole sana. Wote tunalia. Lakini tuambizane. Siku ile mkunga angeacha uzio, Limi angemfikia Masele. Angemkumbatia. Yule mtoto angemkoholea usoni, na sasa tunajua alikuwa na nini kifuani. Si ndivyo?”

“Mkunga angemtoa upesi.”

“Upesi kuliko Limi? Una hakika?”

Nkwimba hakuwa na hakika.

“Tumempoteza mmoja,” Mzee Ngollo akaendelea, kwa upole uleule. “Ungelegeza uzio, leo tungekuwa tunangoja wa pili. Nakuuliza kama ndugu yako, si kama mwenyekiti. Ungepewa kuchagua siku ile, ukiwa unajua, kati ya Masele kufa na Limi kukipata kijidudu, ungechagua nini?”

Nkwimba alifungua kinywa. Alimwona Masele ukingoni, midomo ya buluu. Alimwona Kabula kitandani, akivuta pumzi kama anayenyonya hewa kwenye mrija ulioziba. Akakaa chini. Ukumbi mzima ulimwona akikaa, na hiyo ikawa kura yenyewe.

“Basi uzio ubaki,” akasema Mzee Ngollo. “Ila watoto wafundishwe. Wajue la kufanya.”

Na la kufanya lilikuwa jepesi, ukilitazama kwa hesabu. Mtoto akimwona mwenzake anazama, ampe mgongo. Aogelee upesi kwenda mbali naye, asitazame nyuma, kwa kuwa anayetazama nyuma hupunguza mwendo, na pengine moyo humrudisha. Akitoka tu ndani ya mita nne, mkunga anafunguka na kuokoa. Wazazi waliafikiana kwamba somo lifundishwe na mhandisi mwenyewe, na kwamba mtoto wa kwanza awe Limi, kwa sababu ndiye muogeleaji bora na wengine watamwiga. Nkwimba akarekodi amri mpya kwa sauti yake. Aliirudia mara nyingi, kila mara akiifuta na kuanza upya. “Mwache, mwanangu. Ondoka.”

Bwawa lilipofunguliwa tena, Mama Masele alikuwa nyuma ya kioo. Alikuwa ameomba kazi pale bila malipo, ya kuwanywesha watoto maji ya chumvi na kuwafungua midomo kuhakikisha wamemeza. Alimnywesha Limi, akampangusa kidevu, akamwita shujaa wake.

Nkwimba aliingia ndani, barakoa usoni, akasimama ukingoni. Akamweleza Limi zoezi. Hakumweleza sababu. Kwenye kina kirefu aliachia sanamu ya mpira, ya ukubwa wa mtoto, iliyokwisha kufundishwa kuzama kama mtu.

“Nenda,” alisema.

Limi aliogelea hadi karibu na sanamu. Sanamu ilijikunja, ikafungua mdomo, ikaanza kushuka. Mtoto akasita, mikono ikamwelekea yenyewe.

“Mwache, mwanangu. Ondoka,” mkunga akasema.

Limi aligeuka, akaondoka. Lakini baada ya kupiga mikono michache tu akatazama nyuma, ndipo alipoona. Mkunga alikuwa ameshafika. Alikuwa ameshaishika sanamu, ameshaipandisha, anailaza ukingoni, na Limi mwenyewe hajafika hata ukutani.

Alilishika bomba la pembeni, akatulia. Nkwimba akachuchumaa karibu naye.

“Nikiondoka tu,” Limi akasema, “anakuja?”

“Anakuja.”

“Siku zote alikuwa hivyo? Hata siku ile?”

Nkwimba alijiandalia uongo mwingine, alikuwa nao kinywani. Mtoto alimtazama machoni, na uongo ukakataa kutoka.

“Hata siku ile,” akasema.

“Kwa hiyo uliponipungia...”

“Ndiyo.”

“Nilidhani unaogopa nisipate kijidudu.”

“Najua, mama. Najua ulivyodhani.”

Limi hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Alikohoa, akatema kwenye mfereji, akajisuuza mdomo kama alivyofundishwa. Nyuma ya kioo Mama Masele alikuwa akimtazama na kumtabasamia, ameshika kikombe cha mtoto anayefuata.

“Usimwambie,” Limi akasema.

“Sitamwambia.”

“Hata nikiwa mkubwa.”

“Hata ukiwa mkubwa,” Nkwimba akaitikia, naye alijua, kama wanavyojua mama wote wa watoto wa chumvi, neno hilo lina uzito gani.

Kisha akasimama, akairudisha sanamu kwenye kina. Limi akavaa miwani yake, akajitupa majini kurudia zoezi, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa ametazama nyuma, na hilo haliruhusiwi.